Chini ya Gari, Kipi Kivikwe Ngao Kwanza?

Ukielekea Ziwa Natron kwa kupitia Engaruka, tumbo la gari hupita juu ya mawe ya volkano, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na mchanga unaoficha vyote viwili. Upande wa Kenya, anayeelekea Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana hukutana na mawe meusi ya lava. Kwa safari kama hizo mafundi wengi hushauri gari lifungwe ngao ya chuma chini. Linalobaki ni swali la mpangilio. Fedha hazitoshi kufunika kila kitu, na hata zingetosha, uzito nao una mipaka yake. Tuanze basi na jambo la msingi: jiwe linalifanya nini gari?

Kugonga na kupanda

Chukua gari la kilo 2,500 linalotambaa kwa kilomita 5 kwa saa. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, yaani jouli 2,400 hivi. Tuseme sampu ya injini, lile bakuli linalohifadhi oili, inakutana na jiwe lililozama ardhini, na gari linasimama baada ya kusogea sentimita 5. Nishati yote ile lazima iishie ndani ya sentimita hizo. Gawanya jouli kwa umbali huo na utapata kani ya nyutoni 48,000, sawa na uzito wa karibu tani 5 ukielemea eneo dogo kuliko kiganja. Sampu haikuundwa kubeba mzigo huo.

Sasa weka mbele ya sampu bamba la chuma lililoinama kwa nyuzi 30, ncha ya mbele ikiwa juu. Gari linapata njia ya pili: kupanda. Kuinua sehemu ya mbele yenye kilo 1,250 kwa sentimita 5 kunahitaji jouli 613 tu, robo ya nishati iliyopo. Tena, kwa mwinamo huo, gari husogea karibu sentimita 9 ili lipande sentimita 5, kwa hiyo kani inayolirudisha nyuma hushuka hadi uzito wa kilo 720 hivi. Msuguano utaiongeza, pengine hata maradufu, lakini bado tuko mbali na tani 5.

Kumbe ngao nzuri ni ile inayolipa gari mahali pa kuteleza. Ndiyo maana uso wake unatakiwa uwe laini, na vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba badala ya kuning'inia. Yakiwa mabamba mawili, la mbele lipite chini ya la nyuma pale yanapokutana, kama mabati ya paa yanavyolaliana, ili jiwe likitoka kwenye bamba la kwanza lisikute ukingo wa la pili.

Hesabu hiyohiyo inatoa onyo. Kwa kilomita 20 kwa saa nishati huwa mara 16, na zile sentimita 9 hupitwa kwa muda usiofika sehemu mbili za mia za sekunde. Sehemu ya mbele haiwahi kuinuka, jiwe linapiga. Ngao ni ya dereva anayetambaa, na anayekimbia haimwokoi.

Maswali matatu yanayozidishwa

Kwa kila kiungo kilicho chini ya gari, uliza mambo matatu. Kinaguswa mara ngapi? Ni dhaifu kiasi gani kikiguswa? Na kikiharibika, gari litafika nyumbani? Majibu haya huzidishwa, hayajumlishwi. Kiungo kinachoguswa kila siku lakini hakivunjiki kinapata alama ndogo, na kilicho dhaifu lakini kimejificha juu ya chasisi nacho vilevile.

Ipime sampu kwa maswali hayo. Katika magari mengi iko mbele, karibu na pale jiwe linapofika kwanza. Mara nyingi ni ya bati jembamba au ya alumini. Ikitoboka, oili humwagika, pampu huanza kuvuta hewa, na presha hushuka. Mhimili mkuu wa injini huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ukitoweka, chuma husaga chuma, na injini inaweza kufa ndani ya dakika chache. Majibu yote matatu ni makubwa. Pamoja na sampu nenda na ukingo wa chini wa rejeta, kwa sababu bamba moja la mbele linaweza kuvifunika vyote.

Ipime difu. Kwenye gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, difu ndiyo iliyo karibu zaidi na ardhi, na mtu akichungulia chini ataiona kwanza na kutaka kuikinga kwanza. Lakini nyumba yake ni chuma kizito. Hukwaruzwa mara nyingi na kuvunjika mara chache, kwa hiyo alama ya swali la pili inaivuta chini kwenye orodha.

Gia boksi na transfa ni kinyume chake. Haziguswi mara nyingi, lakini nyumba zake kwa kawaida ni alumini ya kumiminwa, ambayo ikipigwa kwa nguvu hupasuka badala ya kubonyea. Ufa wa alumini hauzibiki porini kwa urahisi, na bila gia boksi hakuna safari. Tangi la mafuta linafuata: ni pana, ukuta wake ni mwembamba, ila mara nyingi liko nyuma au ubavuni, na dereva aliyekwisha kupitisha magurudumu ya mbele huwa ameshaliona jiwe. Vyuma vya usukani navyo hupinda, lakini vikipinda kidogo fundi mwenye nyundo huweza kuvinyoosha kiasi cha kulifikisha gari kijijini.

Kimo kinachobadilika

Kuna jambo ambalo kipimo cha gari lililosimama hakionyeshi. Kwenye ekseli nzima, difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, hivyo kimo chake hutegemea tairi peke yake: tairi likiongezeka kipenyo kwa sentimita 4, difu huinuka sentimita 2, na springi ndefu haziiongezei kitu. Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele hucheza peke yake, kama Prado, difu ya mbele imefungwa juu pamoja na chasisi. Springi zikibonyea kwenye shimo, difu, sampu na gia boksi vyote hushuka pamoja kuelekea jiwe. Mwenye gari la aina hii ana sababu kubwa zaidi ya kuanza na bamba la mbele, tena lirefu, lifunike difu na sampu kwa pamoja.

Urefu nao una hesabu yake. Chukua gari lenye mita 2.98 kati ya ekseli mbili na sentimita 23 chini ya tumbo. Linaweza kuvuka tuta lenye pembe ya nyuzi 17 na nusu hivi bila kugusa. Karakana za Arusha hurefusha Land Cruiser ili zipate viti zaidi vya watalii. Tuseme gari letu limeongezwa sentimita 60. Pembe inashuka hadi nyuzi 14 na nusu. Sasa ni katikati ya gari panapogusa, pale palipo transfa. Kwa gari hilo transfa inapanda hadi nafasi ya pili, mara tu baada ya sampu.

Unene, uzito na mahali pa kufunga

Ukakamavu wa bamba hukua kwa mchemraba wa unene: ukizidisha unene mara mbili, ukakamavu huongezeka mara nane. Nafasi kati ya vishikio hufuata sheria hiyohiyo kwa upande mwingine, maana bamba likiungwa mkono katika nusu ya urefu wake huwa kakamavu mara nane bila kuongeza hata gramu ya unene. Kwa hiyo kabla ya kununua chuma kinene, uliza kitafungwa wapi. Kifungwe kwenye chasisi na viungo vyake vya kukingama, kamwe kisining'inie kwenye gia boksi, la sivyo pigo lote litaishia kwenye alumini ile tuliyotaka kuilinda. Kati ya bamba na sampu iachwe nafasi, kwa sababu hata bamba zuri hubonyea kidogo.

Bamba la chuma la milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 23.5 kwa mita ya mraba. Alumini ya milimita 4.3 ina ukakamavu uleule kwa nusu ya uzito huo, ila ni laini na mawe huikwangua haraka. Na kila kilo ina gharama yake. Springi mbili za mbele zikishuka kila moja sentimita 1 kwa kilo 30, ngao ya kilo 60 imeshakula sentimita nzima ya kimo kabla ya kuhesabu unene wake. Anayefunika kila kitu kwa chuma kinene analishusha gari kuyafuata mawe.

Bamba liwe na tundu la kumwagia oili na matundu ya kutolea tope. Nyasi kavu zilizokwama juu yake karibu na bomba la moshi zinaweza kuwaka, kwa hiyo ukitoka kwenye nyika chungulia na uzitoe.

Mwenye fedha za bamba moja, basi, alikinge eneo la sampu. La pili lisinunuliwe kwa kukisia. Baada ya safari, lala chini ya gari na kurunzi, utafute mikwaruzo mipya inayong'aa. Panapong'aa chuma kinene, pita. Panapong'aa alumini au tangi, hapo ndipo bamba la pili linapokwenda.