Ziwa Ngosi: Maji Hutokea Mlango Gani?

Ukitoka Mbeya mjini kwa barabara ya Tukuyu, baada ya Uyole barabara hupanda, ukungu hushuka, na mashamba ya viazi mviringo hukusindikiza huku na huku. Isongole ndipo unapoiacha lami na kushika njia ya msitu wa hifadhi wa Poroto. Kuanzia hapo ni mwendo wa miguu: kwanza pembeni mwa mashamba, kisha chini ya miti mirefu, kisha mpando mkali unaomlazimu mtu kushika mizizi kwa mikono. Pumzi ikiwa imekuishia, miti inaachana, nawe umesimama ukingoni. Chini yako kabisa limetanda ziwa la kijani, refu kiasi cha kilomita mbili na nusu, limezungukwa na ukuta wa mlima pande zote. Hilo ndilo Ngosi.

Usiharakishe kupiga picha. Zungusha macho taratibu ukifuata ukingo mzima mpaka urudi ulipoanzia. Hakuna mto unaotoka. Wilaya ya Rungwe nayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Miteremko yake ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kama mvua yote hiyo inaingia na hakuna mto wa kuitoa, mbona bakuli hili halijajaa hadi mdomoni na kufurika? Na kama linavuja, mbona halijakauka?

Swali hilo linajibika, tena bila mitambo. Tuanze na kilichoko chini ya viatu vyako.

Jiwe jepesi

Katika udongo wa milima hii utaokota vijiwe vyepesi mno, vimejaa vitundu kama andazi lililoumuka vizuri. Ni pumisi, ndugu wa lile jiwe ambalo wengi husugulia visigino. Kitupe kimoja majini: kitaelea. Mwamba wenyewe ni mzito kuliko maji. Kinachoufanya uelee ni hewa iliyofungwa ndani ya vitundu.

Hewa hiyo iliingiaje ndani ya jiwe? Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni povu, kwa kuwa mgandamizo umeilazimisha gesi ibaki imeyeyuka. Ukifungua kizibo, mgandamizo unapungua na gesi inatoka kwa vishindo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hubeba mvuke wa maji na gesi nyingine kwa namna hiyohiyo. Inapopanda karibu na uso wa dunia, mzigo wa miamba juu yake hupungua, gesi huumuka, na magma hulipuka ikiwa povu la moto. Povu hilo likipoa hewani kabla vitundu havijafumba, huwa pumisi.

Magma ilipata njia ya kupanda hapa kwa sababu ardhi ya Mbeya imepasuka. Hapa ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Penye njia panda ya nyufa ndipo zilipoota volkano za Ngosi, Rungwe na Kyejo.

Paa lililoanguka

Wengi hudhani shimo la Ngosi ni mdomo tu ambao volkano ilitapikia. Lakini kreta za kutapikia kwa kawaida ni ndogo. Shimo pana kiasi hiki lilihitaji kazi nyingine, na wachimbaji wa dhahabu wa Chunya wanaijua vizuri: ukitoa mwamba mwingi chini bila kuacha nguzo, juu huporomoka. Volkano ilipotema magma nyingi kwa kishindo, chumba chake cha chini kikabaki bila kitu cha kukihimili, na paa, ambalo ndilo lililokuwa kilele cha mlima, likadidimia. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera. Ngorongoro ni kaldera pia, yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600 hivi.

Kwa hiyo unapofika ukingoni mwa Ngosi, fahamu kwamba umesimama kwenye kiuno cha mlima uliokuwa mrefu zaidi. Kilele chake kimezama kule chini ya maji.

Mvua kwa maboza

Sasa tulijaze shimo. Mvua hupimwa kwa milimita, na kipimo hicho kina siri nzuri: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Uso wa Ngosi ni kama kilomita za mraba tatu, yaani mita za mraba milioni tatu. Milimita moja tu, manyunyu yasiyomkimbiza mtu barazani, humwaga ziwani lita milioni tatu. Hayo ni maboza 300 ya lita 10,000 kila moja. Ongeza na maji yanayotiririka kwenye kuta za ndani.

Ukuta huo ndio mpaka. Simama ukingoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Tone likidondoka upande wa ndani, ni la ziwa. Likidondoka nje, upande wa kusini, litafuata vijito hadi Mto Kiwira na kuishia Ziwa Nyasa. Ngosi hunywa mvua ya bakuli lake peke yake, pamoja na kile kinachopenya kutoka chini ya ardhi.

Kopo lenye tundu

Hapa nakuomba ufanye jaribio ukiwa nyumbani. Chukua kopo tupu la maziwa, toboa tundu moja dogo karibu na kitako, kisha liweke chini ya bomba lililofunguliwa kidogo. Maji yataanza kupanda ndani ya kopo. Yanapopanda, angalia tundu: mchirizi unaotoka unazidi nguvu na kwenda mbali zaidi, kwa kuwa maji yenye kina yanasukuma kwa nguvu kubwa kuliko maji machache. Baada ya muda utaona jambo la kupendeza. Bomba bado linamwaga, tundu bado linavuja, lakini maji yamesimama pale pale. Kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Ongeza bomba kidogo: maji yatapanda hadi alama mpya, kisha yatatulia tena.

Ngosi ni kopo hilo. Maji yake yana milango miwili ya kutokea. Mlango wa kwanza uko juu: jua na upepo hugeuza maji kuwa mvuke. Ziwa likipanda, bakuli hupanuka, uso unakuwa mkubwa, na mvuke unaongezeka. Mlango wa pili uko chini na ubavuni: nyufa za mwamba. Ziwa likipanda, mgandamizo huongezeka, na maji mengi zaidi hupenya. Mvua ikipungua, milango yote miwili hubana. Ndiyo maana ziwa halifuriki wala halikauki: kupanda kwake ndiko kunakolitoa maji, na kushuka kwake ndiko kunakoyaokoa.

Kimo nacho kina sehemu yake. Uso wa Ngosi uko mita 2,060 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 600. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Baridi na ukungu uliokutana nao njiani huufanya mlango wa juu uwe mwembamba. Na mlango wa chini haukuachwa wazi, kwa kuwa majivu ya volkano yakikaa majini miaka mingi huoza na kuwa udongo laini wa mfinyanzi, ambao huziba nyufa nyingi kama mfinyanzi anavyosiliba chungu.

Chumvi haidanganyi

Tutajuaje maji hutokea zaidi mlango upi, ilhali mvuke hauonekani wala nyufa hazionekani? Tuulize chumvi. Tazama ndani ya birika la zamani: kuna ukoko mweupe. Maji yalipochemka yaliondoka peke yake na kuacha madini. Jua hufanya vivyo hivyo. Mlango wa juu hupitisha maji matupu. Chumvi haina mlango ila ule wa chini.

Basi ziwa linalotegemea jua pekee huishia kuwa chungu. Ndivyo lilivyo ziwa la magadi lililo sakafuni mwa Ngorongoro: wakati wa kiangazi hunywea na kuacha ukoko mweupe. Nenda sasa Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya Kilimanjaro. Nalo ni ziwa la kreta, lina kina cha mita 90 hivi, na limezungukwa na nchi kavu yenye jua kali. Kwa hesabu ya jua pekee lingekuwa magadi matupu. Lakini maji yake ni matamu, kwa sababu maji ya Kilimanjaro huliingia kwa chini ya ardhi na kutoka kwa chini ya ardhi, yakiondoka na chumvi.

Ngosi ina jambo la ziada. Maji yake yamepimwa na kukutwa na chumvi ya sodiamu na kloridi ambayo mvua haiwezi kuileta. Chumvi hiyo hupanda na maji ya moto kutoka kwenye miamba ya chini, na hiyo ni mojawapo ya sababu za serikali kuitafuta nishati ya jotoardhi eneo hilo.

Hewa nzito

Kutoka chini hupanda pia hewa ukaa. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, hivyo hujikusanya mabondeni. Watu wa Goma wanazijua sehemu inapojikusanya, nao huziita mazuku. Ikiyeyuka kwenye vilindi vya ziwa tulivu, inaweza kubaki imefungwa kama ndani ya chupa ya soda. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun, nalo la kreta, lilifunguka kwa namna hiyo usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa. Ziwa ambalo upepo na baridi hulikoroga hadi chini huiachia gesi yake kidogo kidogo. Hata hivyo, popote penye volkano, ukikuta kishimo chenye wadudu na nyasi zilizokufa, usiingie wala usiiname kuchungulia. Na usitembee bila kiongozi mwenyeji.

Kisicho na mlango

Maji yana milango miwili. Chumvi ina mmoja. Gesi hutoka kwa juu, pole pole au kwa kishindo. Kimebaki kitu kimoja: tope. Halipandi na mvuke, halipiti kwenye ufa. Kila tope linaloingia Ngosi hubaki Ngosi, na kila mwaka sakafu huinuka kidogo.

Kinacholizuia tope hilo ni msitu uliopita chini yake ukipanda. Majani huvunja nguvu ya tone la mvua, na mizizi ile ile uliyoishika ili usiteleze ndiyo inayoushika ukuta usiporomoke. Mti mmoja ukikatwa, njia mpya moja ya mkato ikikanyagwa mtelemkoni, mvua hupata mfereji wa kushushia udongo, na udongo huo hakuna wa kuutoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ukienda Ngosi, fuata njia iliyokwishakanyagwa, shika mzizi bila kuung'oa, na uwafundishe watoto jaribio la kopo mtakaporudi nyumbani. Ziwa limeweza kujitunzia maji yake lenyewe. Msitu ndio unaotuhitaji sisi.