Alinichumbia msimu wa karafuu, sasa yuko dago

*Dada mpendwa, nina miaka 29, ni karani wa kampuni ya mizigo Kariakoo. Mwezi Juni mchumba wangu wa miaka mitatu alioa mwanamke mwingine. Habari nilizipata kwa picha za harusi kwenye simu. Nilichoka kuulizwa maswali. Nikachukua likizo yangu yote ya siku 28, nikavuka hadi Pemba kwa mama mdogo, aliyeolewa Mtambwe.*

*Nilimkuta na karafuu. Jioni tulikaa ukumbini kuchambua, na hapo ndipo nilipomjua kijana mmoja wa Kojani aliyekuja kuchuma kwa baba mdogo. Mpole, anasali, hana maneno mengi. Siku moja alitupeleka mimi na binamu yangu Vumawimbi. Kabla sijaondoka alisema ataniposa. Tangu Novemba yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Shimoni, Kenya, na hupiga simu mara moja kwa wiki, pengine mbili zikapita. Mama mdogo naye siku hizi ananijibu kwa mkato. Nataka kuacha kazi Januari nihamie Pemba nimsubiri. Haya ni mapenzi, au bado nakimbia?*

*Mgeni wa Mtambwe*

Mdogo wangu, pole sana kwa lililokukuta Juni. Kuachwa ni uchungu. Kuachwa kwa picha ni kudhalilishwa, na hukustahili.

Umeuliza kama ni mapenzi au unakimbia. Yanaweza kuwa yote mawili, na sioni aibu ndani yake. Watu wengi wamependana wakiwa na majonzi, wakaoana, wakazaa. Ila usiache kazi. Mtu anayekupenda kweli hatapunguza mapenzi kwa sababu una mshahara.

Ukimya wake usikutie dhana. Kaskazi imeingia, na wavuvi wa Kojani wamefuata samaki pwani ya Kenya tangu enzi za babu zao. Dagoni watu hulala vibandani, hutoka baharini usiku, na simu huchajiwa dukani kwa mtu. Kupigiwa mara moja kwa wiki hakuthibitishi kwamba anakupenda wala kwamba anakudanganya.

Linalonitia wasiwasi ni jingine, na sitalizungusha. Wapo wavuvi wenye mke kisiwani na mke mwingine huko wanakokwenda dago, na wote wawili ni wa ndoa. Katika barua yako yote hukusema kama uliwahi kumuuliza ana mke. Muulize simu ijayo, kwa maneno hayohayo: una mke, Kojani au kwengine? Akisema anaye, utajua unaingia wapi, na uamuzi utakuwa wako. Akisema hana, usiishie hapo. Kojani ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, nyumba zimesongamana. Ndoa ya mtu haifichiki pale. Baba mdogo wako akivuka na mashua asubuhi, adhuhuri atakuwa na jibu.

Lakini baba mdogo huwezi kumtuma ikiwa nyumba yenyewe imekununia, na hapa nitakusema kidogo kwa sababu nakutakia mema. Wewe ulikwenda Pemba kupumzika. Mama mdogo wako anaishi pale. Wewe ulipanda meli ukarudi Dar, yeye akabaki na majirani waliomwona mgeni wake akicheka na mchumaji, kisha wakasikia safari ya Vumawimbi, mbali kule baada ya Konde na msitu wa Ngezi. Watamuuliza: mwanao alikwenda na nani? Kwa ruhusa ya nani? Binamu yako, msichana ambaye bado hajaolewa, huenda naye anaulizwa. Hakuna baya mlilofanya, nakuamini. Ila heshima iliyotumika ilikuwa ya nyumba ile, na hukuiomba. Kujibu kwake kwa mkato nakusoma hivyo: hakuchukii, anakungoja useme.

Basi mpigie. Usimtumie ujumbe, mpigie, baada ya isha akiwa ametulia. Muombe radhi kwa safari ile bila kujitetea, kisha mwambie habari yote ya posa. Utashangaa jinsi mama mdogo aliyeshirikishwa anavyokuwa mtu mwingine.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Kijana huyu umemjua msimu. Karafuu zimezaa, kila jioni anapimiwa pishi zake na kulipwa, ukumbi umejaa watu, makonyo yanatupwa huku na karafuu huku, mazungumzo hayakatiki. Mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka. Masika kuna tope, bahari imechafuka, na mfuko wa mvuvi ni mwepesi. Kama mambo yataendelea, likizo yako ijayo ichukue Aprili au Mei badala ya Julai, ufikie kwa mama mdogo, umwone mtu huyu hana pesa na hana shamrashamra. Tena uone kama wewe mwenyewe unaiweza Pemba ya miezi hiyo.

Na mkifika kwenye nikaha, fahamu mapema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mnayoitegemea bara, haitumiki Zanzibar. Kule mashauri ya ndoa, talaka na matunzo ya Waislamu yako kwa kadhi. Si ubaya, ni utaratibu mwingine tu, na mwanamke anayehama na maisha yake yote anapaswa kuujua kabla hajavuka. Kubalianeni mtaishi wapi, akienda dago utabaki kwa nani, na cheti cha ndoa kikae mkononi mwako.

Hayo ya baadaye. Kwa sasa, akipiga simu na ukishapata jibu la swali lile, mwambie humsubiri Pemba, unamsubiri kwenu. Dago likivunjwa, kusi ikianza, atume wazee wake kwa baba yako Dar. Na baba yako asizisikie habari hizi siku ya wageni. Mwambie wewe, wiki hiihii, ukishamaliza na mama mdogo.