Malimbuko Yaliyoandikwa Kwenye Jiwe

JUMANNE

Soma Matendo 17:16, 23. Paulo aliona nini, na alisoma nini, katika mji wa Athene?

Paulo alitaja maandishi ya madhabahu moja, lakini vitako vya sanamu pia viliandikwa. Kwa kawaida maneno yalikuwa machache: jina la mtoaji, jina la mungu wake, na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya “aliweka wakfu”. Mara nyingine sanamu yenyewe ndiyo iliyosema: fulani aliniweka hapa.

Kitako kimoja kilichopatikana Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athene, kilichongwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo. Kinasema kwamba Nearchos alimtolea mungu wa kike Athena sanamu hiyo iwe malimbuko ya kazi zake, na kwamba Antenor ndiye aliyeichonga. Nearchos anadhaniwa kuwa mfinyanzi. Kwenye jiwe jingine la kilima hicho limo jina la Smikythe, dobi, aliyetoa zaka. Zaka ya mfuaji nguo, kwa mungu asiyesikia! Tusiharakishe kumcheka, maana wako wanaomjua Mungu aliye hai na zaka yao haijulikani iliko.

Soma 1 Wakorintho 16:15. Ni nani wanaoitwa malimbuko ya Akaya?

Neno aparkhe, malimbuko, lililo kwenye kitako cha Nearchos, ndilo analotumia Paulo hapa. Lakini yeye haneni juu ya marumaru. Anainena nyumba ya Stefana, watu walio hai waliojitoa kuwahudumia watakatifu.

Na majina yale kwenye mawe? Msemaji Dio Chrysostom, aliyezaliwa karibu mwaka 40 B.K., aliwakemea watu wa Rodo. Walipotaka kumheshimu mkubwa fulani, walichukua sanamu ya zamani, wakafuta jina lililokuwapo, wakachonga lake. Sanamu ilikuwa ileile. Aliyeheshimiwa kwanza alisahauliwa.

Soma Mathayo 6:1-4. Yesu anasema thawabu ya mtoaji inatoka kwa nani?

Kwa mjadala: Mshiriki anataka kulichangia kanisa mabenchi, kwa sharti kwamba kila benchi liandikwe jina la familia yake. Kanisa lina uhitaji mkubwa. Baraza limjibuje, bila kumvunja moyo na bila kulikwepa fungu hili?