Mtu Akikiri, Tumejua Nini?

Nalufenya ni mtaa wa Jinja, Uganda, si mbali na mto Nile. Nje ya eneo hilo, wengi walilisikia jina hilo kwa sababu ya kituo chake cha polisi. Tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi ya Uganda, alipigwa risasi huko Kulambiro, Kampala, akafa pamoja na mlinzi na dereva wake. Washukiwa walipelekwa Nalufenya. Mwezi Mei walipofikishwa mahakamani Nakawa, baadhi yao walionyesha majeraha, wakasema wameteswa. Aprili 2018 Inspekta Jenerali mpya, Martins Okoth Ochola, aliamuru mahabusu hiyo ifungwe.

Ubaya wa mateso umeandikwa sana, na sina la kuongeza. Ninalouliza hapa ni swali la falsafa: mtu akikiri huku anapigwa, mpelelezi amejua nini?

Tuanze na neno lenyewe, kujua. Nikisema najua kwamba fulani aliua, ni lazima niamini hivyo, na iwe kweli aliua. Hayo mawili hayatoshi. Mtu anaweza kubahatisha na kupatia. Plato aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita katika mazungumzo yake yaitwayo Theaetetus, na mfano alioutoa ni wa mahakama. Wazee wa baraza wanasikiliza msemaji hodari akieleza shambulio ambalo hawakuliona. Wanashawishika, wanatoa hukumu, na hukumu inatokea kuwa sahihi. Je, walijua? Plato anasema hapana: walikuwa na imani iliyopatia tu. Kinachokosekana ni sababu iliyoshikamana na jambo lenyewe. (Ajabu ni kwamba katika Athens hiyohiyo, kwa kawaida ushahidi wa mtumwa ulikubaliwa mahakamani pale tu alipokuwa ameteswa.)

Lakini sababu nzuri ni ipi? Mmarekani Robert Nozick, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alitoa kipimo kinachosaidia: jiulize kama ungeendelea kuamini hivyo iwapo jambo lenyewe lingekuwa si kweli. Ikiwa ungeendelea vilevile, hujui. Ushahidi ni kitu ambacho kingekuwa tofauti kama mambo yangekuwa tofauti. Mbwa anayebweka usiku kucha, mwizi awepo asiwepo, hakuambii lolote kuhusu mwizi.

Sasa tuhesabu. Chukua washukiwa kumi wa kubuni, na muuaji ni mmoja kati yao. Kabla ya lolote, uwezekano kwamba yeyote kati yao ndiye muuaji ni 1 kwa 10. Tuseme rekodi za simu zinaonyesha kwamba simu ya muuaji ilikuwa karibu na eneo la tukio, na kati ya wale tisa wasio na hatia, mmoja tu naye simu yake ilikuwa hapo. Waliobaki ni wawili. Uwezekano umepanda kutoka 1 kwa 10 hadi 1 kwa 2. Hapo tumejifunza kitu.

Watie wote kumi katika chumba cha mateso, na kila mmoja akiri. Muuaji yumo kati ya waliokiri, hilo ni kweli, lakini yumo mmoja kati ya kumi, kama mwanzo. Mpelelezi ana karatasi kumi zenye saini na hajasogea hata hatua moja. Kanuni ya hesabu hii ilitoka kwa mchungaji wa Kiingereza, Thomas Bayes. Andiko lake lilisomwa London Desemba 1763, yeye akiwa amefariki miaka miwili kabla.

Mwaka uliofuata, 1764, Cesare Beccaria wa Milan alichapisha kitabu chake juu ya makosa na adhabu, akaonyesha kwamba hali inaweza kuwa mbaya zaidi ya hiyo. Mateso, alisema, hupima nguvu za mwili. Jambazi sugu huvumilia, mnyonge asiye na hatia husalimu amri. Rudi kwa wale kumi: muuaji akinyamaza na wanyonge watatu wakikiri, basi kila aliyekiri si yeye. Ungamo sasa linamwelekeza mpelelezi mbali na muuaji.

Mtu atauliza: je, akionyesha bunduki ilipofichwa, nayo ikapatikana? Ni hoja yenye uzito, nami siipuuzi. Ila tazama kilicholeta ujuzi: ni bunduki iliyofukuliwa, yenye namba na alama zake, ambayo isingekuwepo pale kama hadithi ingekuwa ya uongo. Na asiyejua ilipo bunduki naye atataja mahali, kisha pengine, mradi kipigo kikome.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2012 dhidi ya mateso inakataza maelezo yaliyopatikana kwa njia hiyo kutumiwa kama ushahidi dhidi ya aliyeteswa. Wengine huona hapo mshukiwa anapewa hisani. Mimi naona mahakama inakataa karatasi isiyo na habari. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba mshukiwa amekiri, uliza kwanza alikiri akiwa wapi, na kama asingekuwa yeye, angesema nini.