Mbwa Akikukimbiza Ukiwa kwenye Baiskeli
Kijitabu cha afya kwa kaya za Mbebe na vijiji jirani

Katika kata hii ya Wilaya ya Ileje baiskeli inabeba mengi: gunia la mahindi linalokwenda mashineni, mkungu wa ndizi, mgonjwa anayepelekwa zahanati, mtoto anayewahi shule. Njia zake hupita karibu na milango ya watu, kati ya nyumba na jiko, kando ya banda la kuku, na huko ndiko mbwa wanakolinda.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya jambo moja linalotutia hofu sana. Mtu anang'atwa kwenye shavu la mguu, anainua suruali na kuangalia, anaona alama mbili za meno na damu kidogo, kisha anapanda baiskeli na kuendelea na safari. Kidonda kinapona chenyewe. Mwezi mmoja au mitatu baadaye, wakati mwingine hata mwaka, mahali palipong'atwa panaanza kuwasha na kufa ganzi, homa inapanda, na mgonjwa mwenye kiu kali anashindwa kumeza maji kwa sababu koo linakaza kila anapoyasogeza mdomoni. Hicho ni kichaa cha mbwa. Kikishaonyesha dalili hakina tiba, na karibu kila anayefika hapo hufariki. Kabla ya dalili, kinazuilika.

Kwa nini anakimbiza baiskeli

Mbwa wengi wanaokimbiza baiskeli hawana kichaa. Wanalinda mji wao. Pikipiki husikika toka mbali, lakini baiskeli huja kimya, na mbwa aliyelala anashtuka imeshafika. Anaona magurudumu yanazunguka, miguu inapanda na kushuka, na anapandwa na hamu ya kukimbiza. Ukiongeza mwendo ndiyo unamchochea. Jike mwenye watoto huwa mkali zaidi, na mbwa wakiwa kundi hupeana ujasiri ambao mmoja peke yake asingekuwa nao.

Kwa hiyo nyumba yenye mbwa anza kuishughulikia kabla hujaifikia. Piga kengele ukiwa bado mbali, au paza sauti usalimie: "Hodi hapo, wazee!" Mwenyeji akisikia atamwita mbwa wake, na mbwa mwenyewe hatashtukizwa. Kama unapita njia hiyo kila siku, muulize mwenye nyumba jina la mbwa wake. Mbwa anayesikia jina lake mara nyingi husita, na hata asiposita, umeshafahamiana na mwenyeji, jambo litakalokufaa sana siku akikung'ata.

Akishatoka

Shuka. Tunajua moyo unakuambia ukanyage pedali kwa nguvu, na kwenye barabara tambarare iliyo tupu wapo wanaofanikiwa. Lakini njia zetu zina miteremko, kokoto na makorongo ya mvua, na baiskeli ina mzigo nyuma. Mbwa akijiingiza mbele ya gurudumu unaanguka, na kuanguka huko kunaweza kukuvunja mkono au kichwa, kukakuumiza kuliko meno yake. Usimpige teke ukiwa umekaa kwenye kiti. Utayumba, na mguu utakuwa umempelekea mwenyewe.

Shika breki zote mbili taratibu, shuka upande ambao mbwa hayupo, na baiskeli ibaki katikati yenu. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine kiti. Akizunguka, izungushe naye. Gunia lililofungwa kwenye keria sasa ni ukuta wako. Simama wima, usimkazie macho, sema kwa sauti nzito na fupi: "Rudi!" Usipige mayowe. Mbwa wengi mbio zikiisha na hasira hupungua, kwa sababu walichokuwa wanakimbiza kimesimama. Sogea polepole, ukimwangalia kwa pembeni, mpaka utoke kwenye eneo lake. Usipande tena mpaka ageuke.

Kuinama kama unayeokota jiwe huwarudisha nyuma mbwa wengi wa vijijini, na hilo halina ubaya ikiwa baiskeli iko kati yenu. Kumpiga kweli hatushauri. Mbwa aliyeumizwa anaweza kuzidisha ukali, na kesho utapita hapo hapo.

Akikurukia, mpe kitu cha kung'ata badala ya mwili: koti, begi, pampu ya baiskeli. Ukianguka chini, jikunje, weka magoti tumboni, kunja ngumi na ufunike shingo na masikio kwa mikono, kisha ukae kimya mpaka aondoke.

Dakika 15 za maji na sabuni

Hapa ndipo maisha yanapookolewa, na vifaa vyake vipo kila nyumba. Mwache majeruhi akae kwenye kigoda, mguu uelekezwe kwenye majani au karai. Mtu mmoja achote maji kwa kata na kuyamimina juu ya kidonda bila kukatiza. Mwingine asugue kwa upole na sabuni, hata kipande cha sabuni ya kufulia, mpaka povu liingie kwenye kila alama ya jino, kisha maji tena, kisha povu tena. Fanyeni hivyo kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, basi tazameni saa ya simu. Virusi vya kichaa vina gamba la mafuta, na sabuni inalivunja. Vikioshwa vikiwa bado kwenye kidonda havipati nafasi ya kuingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea ubongoni.

Baada ya hapo pakeni spiriti au dawa ya aidini kama ipo. Msiweke pilipili, mafuta ya taa, majivu, mafuta ya gari, wala manyoya ya mbwa aliyeng'ata. Vitu hivyo huchoma nyama na kuchelewesha safari ya hospitali. Msikifunge kidonda kwa kukaza, wala msikimbilie kukishona. Mtaalamu ataamua.

Mkwaruzo bila damu nao uoshwe. Mate ya mbwa yakigusa kidonda kilichokuwepo, jicho au mdomo, ihesabike sawa na kung'atwa.

Siku hiyo hiyo

Nenda zahanati au kituo cha afya siku ile ile. Chanjo ya kichaa haipo kila kituo, kwa hiyo mwombe mganga mfawidhi apige simu kujua inapatikana wapi kabla hujatumia nauli kwenda Itumba, Vwawa au Tunduma. Sehemu nyingi mgonjwa huilipia, na tunajua ni mzigo mzito kwa kaya ya mkulima. Tunaomba ndugu na majirani wachange kama wanavyochanga kwenye msiba, ila safari hii mapema.

Sindano ni za zamu, kwa tarehe zitakazoandikwa kwenye kadi yako. Kidonda kilichotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili pale penye jeraha. Muulize daktari kuhusu hiyo, na kuhusu chanjo ya pepopunda. Mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa. Kama muda umeshapita, nenda hivyo hivyo. Maadamu dalili hazijaanza, hujachelewa.

Wazazi, kuhusu watoto: Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto huficha jeraha akihofia kuchapwa kwamba alimchokoza mbwa, au kwamba alichukua baiskeli ya baba bila ruhusa. Mwambieni leo, kabla halijatokea, kwamba akisema hataadhibiwa.

Mbwa aliyeng'ata

Msimuue haraka. Mfungieni pasipo hatari, na ofisa mifugo wa kata apewe taarifa. Mbwa huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima muda wote huo, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Lakini msisubiri siku hizo ndipo muanze chanjo. Mbwa anayetoa mate mengi, anayeng'ata miti na mawe, aliyebadilika sauti, anayepepesuka, au aliyekuwa mkali na ghafla akapooza taya, asiguswe na yeyote. Akifa, mzoga usitupwe kabla ofisa hajauona.

Kwenu wenye mbwa: mfungeni mchana, mfungulieni usiku, na mpelekeni kuchanjwa kila mwaka, mkubwa na mtoto. Pemba inatufundisha. Kampeni za kuchanja mbwa ziliumaliza ugonjwa huu kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umetoweka. Lengo ni kuchanja mbwa 7 kati ya kila 10, kila kijiji. Sisi hatuna bahari ya kutukinga: Mto Songwe unatutenganisha na Malawi, lakini mbwa hawazuiwi na mpaka. Kuua mbwa ovyo hakujasaidia popote, maana nafasi yao hujazwa na wengine wasiochanjwa.

Ukisafiri kabla ya kumaliza sindano, iwe Mbeya, Nakonde au Chitipa, beba kadi yako. Ionyeshe hospitali utakayofika na uombe kuendelea na dozi iliyobaki kwa tarehe yake.