Misalaba ya Chuma na Majina Yaliyofutika

Mwezi Novemba, tunapokwenda makaburini kuwaombea marehemu wetu, tunapita mbele ya misalaba mingi bila kuitazama. Leo tutazame misalaba ya chuma, hasa ile ya Wajerumani Wakatoliki waliotoka Urusi.

Mwaka 1804 Kaisari Alexander wa Kwanza aliwaalika wakulima wa Kijerumani wakae karibu na Bahari Nyeusi, akawaahidi ardhi na kutoitwa jeshini. Mwaka 1871 upendeleo huo ulianza kuondolewa, na miaka iliyofuata maelfu yao walihamia Marekani. Wengi walifika North Dakota, nchi ya nyasi na upepo. Miti ilikuwa haba, na jiwe la kuchonga lilikuwa ghali kwa mkulima anayeanza maisha. Lakini wahunzi walikuwepo. Mtu yuleyule aliyetengeneza majembe ya plau alifua pia misalaba ya makaburi, mara nyingine kwa vyuma chakavu.

Msiidhani kuwa kazi duni. Mikono ya msalaba inapokutana, mhunzi aliweka miali kama ya jua linalochomoza. Pembeni akakunja mioyo, nyota, mayungiyungi na matawi ya mizabibu. Mjane asiyejua kusoma aliweza kuusoma ufufuko pale. Mwaka 1989 makaburi kadhaa ya aina hiyo yaliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria.

Udhaifu ulikuwa kwenye jina. Mara nyingi liliandikwa kwa rangi juu ya kibati kilichofungwa msalabani. Theluji na jua vikaifuta rangi; chuma kikabaki kimesimama, na aliyelala chini yake hajulikani tena.

Tusiwacheke. Makaburini kwetu misalaba ya nondo na ya bomba iko tele, na jina limeandikwa kwa brashi. Miaka michache tu, wajukuu wanabishana kaburi la bibi ni lipi. (Nimewahi kuwa mmoja wa wajukuu hao.)

Ndiyo maana, ndugu mseminari, kanuni ya 1182 ya Sheria za Kanisa inaagiza maziko yaandikwe katika kitabu cha wafu. Parokia nyingine hukijaza wiki kadhaa baadaye, kwa kukumbuka tu. Kijaze siku ileile ya maziko, na uandike pia kaburi liko safu ya ngapi.