Jinsi ya Kuanzisha Jarida la Kitaaluma Linalosomwa Bure

Open Journal Systems, au OJS, ni programu huria ya kuendeshea majarida ya kitaaluma, kazi ya Public Knowledge Project ya Kanada. Hailipiwi. Lakini programu haiwezi kuwaamulia mambo, kwa hiyo anzieni mezani.

1. Andikeni sera: mnapokea makala za fani gani, nani atazihakiki, na kwa leseni ipi. Mimi nashauri CC BY: yeyote anaweza kunakili na kusambaza makala mradi amtaje mwandishi. Hakimiliki abaki nayo mwandishi mwenyewe. Jasho ni lake.

2. Tafuteni seva yenye PHP pamoja na MySQL, MariaDB au PostgreSQL, kisha msakinishe. Hapa msiwe na haraka. Katika faili la config.inc.php kuna mstari wa files_dir, unaotaja folda ya kuhifadhia miswada. Folda hiyo lazima iwe nje ya ile inayofunguka kwenye wavuti. Ikiwa ndani, mtu akibahatisha anwani anaweza kusoma makala ambayo bado iko kwa wahakiki.

3. Pitisheni makala ya majaribio tangu kupokelewa hadi kuchapishwa. Kama uhakiki ni wa siri, kagueni sifa za faili la Word: mara nyingi jina la mwandishi hubaki humo hata likishafutwa ukurasa wa kwanza.

4. Ombeni ISSN, yaani namba ya utambulisho wa jarida, ya toleo la mtandaoni. Ya toleo la karatasi haitoshi. DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya makala, mtazipata kwa kujiunga na shirika la Crossref. Tangu 2023, wachapishaji wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hawatozwi ada kupitia mpango wake wa GEM. Nafasi hiyo msiiache.

5. Jarida likishakomaa, ombeni kuingizwa DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Kuomba ni bure, ila wanataka angalau makala 5 za utafiti kwa mwaka. Afadhali toleo moja linalotoka kwa wakati kuliko manne ya ahadi.

6. Washeni programu-jalizi ya PKP Preservation Network, inayohifadhi bila malipo makala zilizochapishwa. Miswada na barua za wahakiki haizihifadhi, hivyo chukueni nakala rudufu za hifadhidata na folda ya files_dir kwa pamoja, na mziweke kwenye mashine nyingine. Mkiwa na hifadhidata peke yake, mtaona orodha ya makala lakini PDF hazitafunguka.